Tovuti isiyosomeka humnyang'anya mgonjwa siri yake

Mapema mwaka jana alikuja kwangu mama mmoja wa miaka thelathini na kitu. Alipofuka akiwa mtoto mdogo baada ya kuugua surua, lakini anajitegemea: ana kazi, analipa kodi ya nyumba, na simu yake anaitumia upesi kuliko mimi ninavyoitumia yangu. Nimebadilisha mambo machache hapa ili asitambulike.

Alikuwa amegundua kivimbe katika titi la kushoto. Alifanya lililo sahihi kabisa, nalo ni kutafuta miadi hospitalini bila kukawia. Hospitali aliyotaka, ambayo ni ya umma, ilikuwa ikipokea maombi ya miadi kupitia tovuti. Alipoifungua kwenye simu, programu inayomsomea maandishi kwa sauti ilinyamaza. Tangazo la kueleza utaratibu lilikuwa karatasi iliyopigwa picha. Visanduku vya kujaza havikuwa na majina. Mwishoni palikuwa na herufi zilizopindapinda ambazo mtu hutakiwa kuzinakili ili athibitishe kwamba yeye si mashine. Hapo akakwama.

Akaenda kwenye saiba ya mtaani. Kijana wa pale alikuwa na moyo mzuri, ila saiba ilikuwa imejaa watu, na miongoni mwao alitambua sauti za majirani wawili. Kijana akauliza kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "Madam, niandike kliniki gani? Una shida gani?"

Akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "Macho."

Alipangiwa kliniki ya macho. Ilimchukua wiki saba hadi alipofika kwangu na kunieleza ukweli, na kivimbe kilikuwa kimekua. Tulimpeleka akachunguzwe mara moja, na safari hii bahati ilikuwa upande wake: hakikuwa saratani. Lakini msomaji mpenzi, laiti ingekuwa saratani, wiki saba si kitu cha kuchezea. Wala bahati si utaratibu wa kuendeshea huduma za umma.

Ndiyo maana wiki hii nimeweka kando malaria na shinikizo la damu ili tuzungumzie tovuti za ofisi za umma. Huenda ukajiuliza daktari anatafuta nini huko. Jibu ni kwamba sisi madaktari tunafunzwa tangu mwanzo kutunza siri ya mgonjwa. Tovuti ambayo mgonjwa hawezi kuitumia mwenyewe humlazimisha kuitoa siri hiyo kwa mtu asiyemjua kabla hajamfikia daktari. Akiogopa kuitoa, husema uongo au hukaa nyumbani. Yote mawili huleta ugonjwa.

TOVUTI NDIYO MLANGO WA KWANZA

Zamani mtu aliingia ofisi ya serikali kwa miguu. Siku hizi, kwa huduma nyingi, huanzia kwenye simu au kompyuta. Jukwaa la eCitizen lilianzishwa mwaka wa 2014, na mwaka wa 2023 serikali ilitangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zilikuwa zimewekwa humo. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua mahali pa NHIF mnamo Oktoba 2024, wananchi waliambiwa wajisajili upya kwa njia ya mtandao au simu.

Hakuna ubaya wowote katika hilo. Kwa mtu wa kiti cha magurudumu, kuomba cheti akiwa nyumbani ni nafuu kuliko kuhangaika na matatu na ngazi. Lakini mlango huu mpya nao unaweza kuwa na ngazi zake, ila hizi hazionekani kwa asiyezihitaji.

Wanaozikuta ngazi hizo ni wengi. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya wapatao 900,000 wenye ulemavu, yaani asilimia 2.2 ya wenye umri wa miaka 5 na zaidi. Shirika la Afya Duniani nalo husema kwamba duniani kote watu wapatao bilioni 1.3, yaani mmoja katika kila sita, wana ulemavu mkubwa. Tena hujafa hujaumbika. Kuanzia takriban miaka arubaini, lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu wake, nawe huanza kuisogeza simu mbali ili usome. Mimi mwenyewe nimeshafika hapo.

Sasa hebu tuziangalie sehemu za mwili moja baada ya nyingine, tuone tovuti hukosea wapi na dawa yake ni ipi.

ASIYEONA KABISA

Watu wengi hudhani kwamba kipofu hawezi kutumia kompyuta. Si kweli. Zipo programu za kusoma skrini, ambazo hugeuza maandishi kuwa sauti, au kuwa nukta za breli kwenye kifaa maalumu kinachopapaswa kwa vidole. Simu nyingi za Android zina programu ya namna hiyo iitwayo TalkBack, na simu za iPhone zina VoiceOver. Kwa kompyuta ipo NVDA, ambayo haiuzwi bali hutolewa bure. Ilianzishwa mwaka wa 2006 na kijana wa Australia, Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni.

Programu hizi husoma maandishi yaliyo ndani ya ukurasa. Picha isiyo na maelezo ni giza kwao. Kwa hiyo dawa ni hizi:

Kwanza, kila picha yenye maana iwekewe maelezo mafupi ya maandishi nyuma yake. Mwenye kuona hayaoni, lakini programu huyasoma.

Pili, tangazo lisipigwe picha au kupitishwa kwenye skana kisha likabandikwa. Liandikwe. Muhuri na sahihi ya mkurugenzi vinapendeza, lakini tangazo lililo picha tupu halisomeki kwa sauti hata liwe na mihuri mitano.

Tatu, kila kisanduku cha kujaza kifungamanishwe na jina lake: "Nambari ya kitambulisho", "Tarehe ya kuzaliwa". Bila hivyo asiyeona husikia tu "andika hapa, andika hapa, andika hapa", bila kuambiwa aandike nini.

Nne, ukurasa ujitambulishe ni wa lugha gani. Hili husahauliwa sana kwetu. Ukurasa wa Kiswahili ukiwa umetambulishwa kama wa Kiingereza, programu huusoma kwa matamshi ya Kiingereza, na maneno hutoka kama ya mtalii aliyeshuka Mombasa leo asubuhi. Ni maelezo mafupi sana ndani ya ukurasa, na fundi huyaweka kwa dakika moja.

Tano, zile herufi zilizopindapinda zisiwe njia pekee ya kuthibitisha kwamba mtu ni mtu. Pawe na njia nyingine, kwa mfano nambari inayotumwa kwa simu.

ANAYEONA KWA SHIDA

Wapo wengine wengi ambao hawajapofuka lakini uoni wao umefifia. Kisukari kinapokosa kudhibitiwa huharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho. Mtoto wa jicho huufanya ulimwengu uonekane kama kupitia kioo chenye ukungu. Presha ya macho hula uoni kuanzia kandokando. Watu hawa wanahitaji mambo mawili: ukubwa na utofauti wa rangi.

Mwongozo wa kimataifa wa kutengeneza tovuti, ambao hutolewa na shirika la W3C, husema kwamba mng'ao wa maandishi ya kawaida na ule wa mahali yalipoandikwa sharti vitofautiane kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Maandishi ya kijivu juu ya nyeupe, ambayo wachoraji wengi huyapenda, mara nyingi hayafikii kiwango hicho. Aidha, maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila sehemu yoyote kupotea.

Kadhalika, rangi pekee isitumike kutoa maana. Wapo watu, wengi wao wanaume, ambao hawawezi kutofautisha vizuri nyekundu na kijani. Huu huwa ni upungufu wa kurithi. Ukiwaambia "jaza visanduku vyekundu tu", hujawaambia kitu. Weka alama au neno pamoja na rangi hiyo.

ASIYESIKIA

Kwa kiziwi, video ya waziri akieleza utaratibu mpya ni mtu anayechezesha midomo. Iwekewe maandishi chini yake, na panapowezekana mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya. Wala asidanganyike mtu kwamba mawili hayo ni kitu kimoja. Lugha ya Ishara ya Kenya ina sarufi yake. Kwa mtu aliyekua nayo, Kiswahili au Kiingereza cha kuandikwa huwa ni lugha ya pili au ya tatu. Kwa hiyo sentensi ziwe fupi na maneno yawe ya kawaida.

Isitoshe, ofisi isitoe nambari ya kupiga simu kama njia pekee ya kuuliza maswali. Pawe na njia ya kuandika ujumbe, na pawe na mtu wa kuujibu.

MIKONO ISIYOTII

Mwenye baridi yabisi vidole humuuma na hukakamaa. Mwenye ugonjwa wa Parkinson hutetemeka. Aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi hubaki na mkono mmoja, na pengine si ule aliouzoea. Wengi wao hawawezi kukielekeza kipanya kwenye kitufe kidogo kama punje ya mtama. Hutumia kibodi pekee, au kifaa maalumu kinachofanya kazi kama kibodi.

Kwa hiyo kila jambo linalofanyika kwa kipanya sharti lifanyike pia kwa kibodi, na mtumiaji aone wazi yuko wapi kwenye ukurasa. Vitufe viwe vikubwa, tena vitengane.

Jambo jingine ni muda. Tovuti nyingi humfungia nje mtu aliyekawia, kwa sababu za usalama. Hilo laeleweka, lakini apewe onyo kabla ya kufungiwa. Mwongozo niliotaja hutaka apewe angalau sekunde 20 za kuomba muda zaidi kwa kitendo chepesi, kama kubonyeza kitufe kimoja. Mgonjwa wa kiharusi aliyejaza fomu kwa nusu saa, kisha yote yakafutika mbele ya macho yake, hatarudia. Nimewaona wa aina hiyo. Wanakuja kliniki bila bima na kusema watajaza "siku nyingine".

UBONGO NAO NI KIUNGO

Upo ulemavu usioonekana kwa macho. Baada ya kiharusi au ajali ya kichwa, mtu anaweza kusahau upesi alichosoma. Wapo ambao tangu utotoni herufi huwachanganya, ingawa akili zao ni timamu kabisa. Hawa wote husaidiwa na lugha rahisi, hatua zilizopangwa moja moja, na maelezo ya makosa yanayoeleweka. Kumwambia mtu "Kosa nambari 403" hakumsaidii. Mwambie, "Nambari ya kitambulisho haijakamilika, tafadhali iangalie tena."

Wenye kifafa nao wasisahauliwe. Baadhi yao, ingawa si wote, hushikwa na degedege kwa sababu ya mwanga unaomweka. Mnamo Desemba 1997, huko Japani, kipindi cha katuni za Pokémon kilionyesha mimweko ya haraka ya nyekundu na buluu, na watoto wapatao 685 wakapelekwa hospitalini. Kwa hiyo kanuni ni kwamba kitu chochote kwenye skrini kisimweke zaidi ya mara tatu kwa sekunde moja. Matangazo yanayomwekamweka hayana nafasi katika tovuti ya umma.

SHERIA YASEMAJE?

Haya si mambo ya hisani. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 humpa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali, usafiri wa umma na habari, na haki ya kutumia lugha ya ishara, breli au njia nyingine zinazofaa za mawasiliano. Kifungu cha 35 humpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Kenya iliidhinisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu mwaka wa 2008. Shirika la kusimamia viwango, KEBS, lina kiwango KS 2952 cha mwaka wa 2022, kinachohusu vifaa na huduma za teknolojia ya habari na mawasiliano ziweze kutumiwa na watu wenye ulemavu. Na mwaka wa 2025 ilipitishwa Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, mahali pa ile ya 2003.

Wapo watakaosema gharama ni kubwa. Hoja hiyo ni ya zamani. Mwaka wa 1999 Bruce Maguire, Mwaustralia asiyeona, alilalamika kwamba hakuweza kuisoma tovuti ya michezo ya Olimpiki ya Sydney kwa sababu picha zake hazikuwa na maelezo. Kamati ya michezo ilijitetea kwamba kuirekebisha kungechukua muda mrefu na fedha nyingi. Mashahidi wa kitaalamu walisema ni kazi ya wiki chache. Mnamo Agosti 2000 Tume ya Haki za Binadamu ya nchi hiyo iliamua kwamba Maguire alibaguliwa. Tovuti haikurekebishwa ipasavyo, na mwishowe kamati ikaamriwa imlipe dola 20,000 za Australia.

Funzo ni kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Nyumba ikijengwa na mteremko wa kiti cha magurudumu tangu mwanzo, gharama ni ndogo. Ukisubiri hadi ijengwe ndipo ubomoe ngazi, utalia. Tovuti ni vivyo hivyo.

PIMA MWENYEWE

Huhitaji kuwa fundi ili uipime tovuti. Chagua moja ya ofisi ya umma unayoitumia, kisha ufanye vipimo hivi vitano:

1. Weka kipanya kando. Bonyeza kitufe cha Tab mara kwa mara. Je, unaona uko wapi, na unaweza kufika hadi kitufe cha mwisho cha kutuma?

2. Kuza maandishi hadi asilimia 200. Je, bado yanasomeka yote, au yamepandana?

3. Fungua tangazo lolote na ujaribu kuchagua neno moja ili ulinakili. Likikataa, huenda tangazo hilo ni picha tupu.

4. Cheza video bila sauti. Je, umeelewa kilichosemwa?

5. Washa programu ya kusoma skrini kwenye simu yako, katika mipangilio, sehemu ya ufikivu. Fumba macho, kisha ujaribu kujaza fomu. Kumbuka kwamba ikishawaka, ukigusa mara moja hukusomea, na ukigusa mara mbili upesi ndipo hufungua. Utahitaji kulijua hili ili uweze kuizima.

Kipimo cha tano humnyamazisha hata mbishi. Nilipokifanya mara ya kwanza nilishindwa kwenye kisanduku cha pili, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mgonjwa wangu alienda saiba.

USHAURI WANGU

Kwa wewe uliye na ulemavu: usikubali kukwama kimyakimya. Andikia ofisi husika, taja ukurasa na kosa. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 humtaka afisa wa habari akusaidie ikiwa ulemavu hukuzuia kuandika ombi, na kwa kawaida ombi hujibiwa ndani ya siku 21. Usiposikilizwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, na ulijulishe pia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Na ikiwa ni kivimbe, damu isiyo ya kawaida au maumivu ya kifua, usisubiri tovuti. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, siku hiyohiyo.

Kwa kijana wa saiba: wewe ni daktari nusu, hujui tu. Sogeza kiti, uliza kwa sauti ya chini, na usihifadhi nenosiri la mteja wako. Akishaondoka, funga akaunti yake.

Kwa jamaa wa nyumbani: kusaidia ni vyema, lakini muulize kwanza kama anataka usome naye. Mtu mzima ana barua ambazo angependa azisome peke yake.

Kwa mkuu wa ofisi: kabla hujakata utepe wa tovuti mpya, waite watu watano wenye ulemavu wa aina mbalimbali. Waketi mbele yake na kuijaribu, nawe ukae kando ukitazama bila kusaidia. Walipe kwa kazi hiyo kama unavyomlipa fundi. Watakachokwama nacho ndicho cha kurekebisha kwanza.

Mgonjwa wangu yu mzima. Majuzi alinipigia simu kunieleza kwamba ile hospitali imeandika upya tangazo lake na kuvipa visanduku majina. Herufi zilizopindapinda bado zipo. Alinieleza mahali alipofika, akaniambia kwamba alikuwa amebakisha hatua moja tu. Sasa anamwandikia mkurugenzi kuhusu hatua hiyo moja.